KOCHI LA LAKI NANE NA NUSU KWENYE NDOA YA CHUMBA NA SEBULE: KURIDHIKA KUNAANZIA WAPI?

Mjini hapa kila mtu ana ushauri wa ndoa. Ukiingia saluni utaambiwa mwanaume asiyehudumia hafai, tafuta mwingine. Ukikaa kijiweni utaambiwa wanawake wa siku hizi wanapenda hela tu, mapenzi hakuna. Ukifungua simu ndiyo kabisa: huyu katupia picha ya gari aliyozawadiwa na mumewe, yule kaandika kwamba mapenzi ya kweli yanalala hata kwenye mkeka. Pande zote zinapigiwa makofi, na pande zote zina watu walioachika.

Kisa cha wanandoa hawa wa Mbagala hakimpi ushindi yeyote kati ya hao. Ni watu wa kawaida sana, hawana jina mjini na wala hawatafuti kiki. Ila yaliyowakuta yanatokea kwenye nyumba nyingi za kupanga, tofauti ni kwamba wengi wanafunga mlango na kunyamaza.

MAISHA YAO YALIVYOKUWA

Jamaa ni fundi wa friji na viyoyozi. Kazi yake inafuata jua. Kuanzia Desemba mpaka Machi, Dar ikiwaka, simu yake hailali. Leo yuko Kariakoo, kesho Masaki, keshokutwa anavuka Kigamboni. Ikifika Juni mpaka Agosti, kipupwe kikiingia, watu wanazima viyoyozi vyao na jamaa anaweza kumaliza wiki nzima na kazi mbili tu za friji zinazovuja gesi.

Mkewe ni msusi. Hana saluni yake, ana kiti kwenye saluni ya mtu mwingine na anakilipia kila wiki. Siku nzuri anarudi nyumbani na 25,000. Siku mbaya anarudi na nauli tu, na vidole vinauma.

Walioana bila makeke. Ndoa ilifungwa msikitini, pilau ikaliwa chini ya turubai, watu wakatawanyika. Wakapanga chumba na sebule, kodi 100,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, yaani 600,000. Mke ndiye aliyekuwa mtunza kibubu cha kodi.

Ndani kulikuwa na TV ndogo, kitanda kizuri alichochongesha jamaa mwenyewe, viti vinne vya plastiki, na friji. Hiyo friji ina historia. Ilikuwa imekufa, mteja anataka kuitupa, jamaa akaiomba, akaibeba, akakaa nayo usiku tatu mpaka ikaunguruma. Asubuhi yake akamwambia mkewe, "Mke wangu, hii yako." Dada akaanza kuuza barafu na juisi ya ubuyu kwa watoto wa mtaani. Ilikuwa hela ndogo, lakini mboga ya siku haikukosekana.

Ukiwauliza mwaka ule wa kwanza kama wanapendana, wangekushangaa. Jamaa akichelewa kurudi, mkewe hali. Mke akirudi amechoka, jamaa ndiye anayechota maji na kumwogesha mtoto. Tena bila kupiga picha ya kutupia status.

NENO LA WIFI

Shida ilianza siku ya akika ya mtoto. Mawifi walikuja wote. Nyumba ndogo, watu wengi, viti vya plastiki vikaazimwa na kwa jirani. Wifi mmoja akakaa, akaangalia kushoto na kulia, akasema kwa sauti, "Heh! Kaka yangu, bado mko kwenye viti vya shughuli?"

Watu wakacheka. Jamaa naye akacheka.

Dada aliendelea kugawa maandazi kama hajasikia, lakini lile jambo halikumtoka. Wala si neno la wifi lililomkaa sana rohoni, maana wifi ni wifi. Kilichomuuma ni kicheko cha mumewe. Aliona kama vile mumewe amekaa upande wa wageni, na yeye ameachwa peke yake na vile viti.

Tangu hapo kila kochi alilipima kwa macho. Kwenye simu akawa anafuata kurasa za wauza samani wa Keko. Shosti wake mmoja aliyesuka naye zamani akahamia nyumba nzuri Kijichi, akatuma picha kwenye kundi la WhatsApp: kochi la kona, rangi ya kijivu, kapeti la manyoya, taa zinazowaka kwa chini. Dada aliiangalia ile picha usiku mume akiwa amelala, akaifunga, akaifungua tena.

Hapa wasimulizi wengi wangekwambia kwamba yule shosti naye alikuwa na mateso yake, kwamba mumewe anampiga au vitu vyote ni vya mkopo. Hapana. Shosti ana maisha mazuri kweli. Yeye na mumewe wote wameajiriwa, hela yao inaeleweka, na wanapendana vizuri tu. Kujifariji kwamba wenye vitu hawana mapenzi ni uongo ambao watu wa hali ya chini wanaambiana ili walale. Kama kuridhika kwako kunategemea mwenzako awe analia ndani ya nyumba yake, huko si kuridhika, ni husuda iliyovaa kanzu.

"RIDHIKA, MKE WANGU"

Dada alijitahidi kuongea. Siku moja baada ya chakula cha usiku akasema, "Mume wangu, hivi hatuwezi hata kochi la kawaida? Si lazima jipya."

Jamaa akajibu bila kuinua macho kwenye simu, "Hela hakuna. Tumshukuru Mungu kwa tulichonacho. Ridhika, mke wangu."

Ni jibu zuri ukilisikia mara ya kwanza. Mara ya tano linakuwa kama mlango unaofungwa usoni. Na kilichofanya lizidi kuwa chungu ni meseji moja. Asubuhi moja jamaa akiwa anaoga, simu ikaita mlio wa muamala. Dada akaangalia: 150,000 imetumwa kwa mwanaume asiyemjua. Mwezi uliofuata, tarehe zile zile, akaona tena 150,000, jina lile lile.

Hakuuliza. Alijijibu mwenyewe. Akaamua kwamba ama mumewe anabeti, ama kuna mwanamke na hilo jina ni la kaka yake. Kichwani mwake hesabu ikawa rahisi: kama yeye ana 150,000 ya kutupa kila mwezi, halafu mimi naambiwa niridhike na viti vya plastiki, basi na mimi nitajihudumia.

KAUSHA DAMU

Kochi alilolitaka lilikuwa 850,000. Zamu yake ya upatu ilikuwa imefika, akapata 250,000. Ikabaki 600,000.

Akapelekwa na mteja wake mmoja kwa watu wa mikopo ya haraka, wale ambao mtaani wanaitwa kausha damu. Hawakumuuliza mengi. Walikuja nyumbani mume akiwa kazini, wakapiga picha TV, wakapiga picha friji, wakapiga picha kitanda, akasaini. Masharti: unachukua 600,000, unarudisha 780,000 ndani ya wiki nne. Yaani 195,000 kila wiki.

Sasa piga hesabu ambayo dada hakuipiga siku ile. Wiki nzuri kabisa saluni ilikuwa inampa kama 120,000 kabla ya kulipia kiti, kula na nauli. Hata angefunga mdomo asile, asingefika 195,000. Alijua? Kwa mbali alijua. Lakini mtu akishaona picha ya kochi sebuleni kwake, hesabu zinasikika kama kelele za jirani.

Kochi likaja. Jamaa akauliza limetoka wapi, akaambiwa, "Upatu." Nusu ilikuwa kweli. Jamaa akakaa, akalibonyezabonyeza, akasema ni zuri. Usiku ule walicheka kama zamani. Dada akapiga picha, akaituma kwenye kundi, sifa zikamiminika. Kwa siku sita alikuwa mwanamke mwenye furaha Mbagala nzima.

Siku ya saba alifungua kibubu. Ndani kulikuwa na 400,000 za kodi. Akatoa 195,000. Wiki ya pili akatoa 195,000 nyingine. Kibubu kikabaki na 10,000, na kodi inatakiwa mwezi wa nane. Wiki ya tatu hakuwa na kitu, akazima simu. Wiki ya nne akazima tena.

Wakaja Jumanne mchana na kirikuu. Jamaa alikuwa amekwenda Kigamboni kukagua kazi, hakubeba vifaa. Wakachukua kochi, TV na friji, maji ya barafu yakimwagika mpaka mlangoni. Mmoja akaona begi la vifaa vya jamaa pembeni: vipimo vya gesi, pampu, mashine ya kuchomelea mabomba. Halikuwemo kwenye orodha. Akalichukua pia, akasema ni faini ya kuchelewesha. Majirani wamesimama, watoto waliozoea kununua barafu wamesimama. Dada hakulia. Aliingia ndani akakaa chini, mahali lilipokuwa kochi.

Ieleweke hapa kwamba si kila mtu mwenye hela ana haki ya kukopesha hivyo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na Benki Kuu ya Tanzania ndiyo inayosimamia. Mtu anayekuja na kirikuu bila barua wala kibali, akabeba hata kisichoandikwa, anategemea aibu yako tu. Anajua hutasema kwa mumeo, kwa hiyo hutasema popote.

SWALI LA SOMO

Jamaa aliporudi hakupiga, hakutukana. Aliuliza kitu kimoja tu, "Begi langu liko wapi?" Alipojibiwa, akatoka, akalala kwa rafiki yake siku mbili. Fundi bila vifaa ni mtu anayetembea na jina tu.

Siku ya tatu dada akamfuata somo wake, yule mama aliyemfunda kabla ya ndoa. Mama mtu mzima, anaishi Temeke, maneno machache. Akawaita wote wawili. Jamaa akaja kwa heshima, akasema shikamoo, akakaa mkekani mbali na mkewe.

Walitegemea watasomewa kila mmoja makosa yake. Yule mama hakufanya hivyo. Alimgeukia dada akamuuliza, "Mwanangu, mumeo mwezi uliopita ameingiza shilingi ngapi?"

Dada akanyamaza. Hakujua.

Akamgeukia jamaa. "Na wewe baba, mkeo akishalipa kiti pale saluni, wiki inambakizia ngapi?"

Jamaa naye akanyamaza. Miaka mitatu ya ndoa, hakujua.

Mama akasema, "Sasa wewe unamwambia aridhike na nini, kama hajui kilichopo? Na wewe unatamani nini, kama hujui anachoweza? Mmekaa gizani kila mtu anampapasa mwenzie mfukoni."

Ndipo jamaa akatoa lake. Ile 150,000 ya kila mwezi ilikuwa ya kiwanja Vikindu. Bei milioni 3, anamlipa mzee mmoja kidogo kidogo kwa miezi ishirini, na alikuwa ameshalipa miezi kumi na minne, 2,100,000. Ilibaki 900,000. Alikuwa anaficha kwa sababu wenzake kazini walimwambia mwanamke haambiwi hela, akijua atapangia matumizi. Alitaka siku moja ampakie mkewe kwenye bodaboda, wafike pale, amwambie, "Mke wangu, hapa ni kwetu."

Dada alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali ambalo lilimwinamisha jamaa, "Sasa siku ile wifi ananicheka, ulishindwa nini kunong'ona tu kwamba tuna kiwanja? Ningekaa hata juu ya ndoo."

KURIDHIKA SI KUFUNGWA MDOMO

Watu wengi wakisikia kisa hiki wanakimbilia kusema dada alikuwa na tamaa. Ni kweli, tamaa ilikuwepo, na alidanganya, na kibubu cha kodi kilikuwa amana. Tamaa mbele, mauti nyuma, wahenga hawakukosea. Lakini ukiishia hapo umesoma nusu ya kisa.

Wanaume wengi mjini wanatumia neno "ridhika" kama kufuli. Hela ipo au haipo, inakwenda wapi, hiyo ni siri ya baba mwenye nyumba. Mke kazi yake ni kushukuru. Hapo hajafundishwa kuridhika, amefundishwa kubahatisha. Na mtu anayebahatisha atabahatisha vibaya: ataona hawara mahali penye kiwanja.

Hata sheria inaliona hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mume wajibu wa kumpatia mke makazi, mavazi na chakula kwa kadiri inavyofaa, ukiangalia uwezo wake na hali yake ya maisha. Sheria haisemi kochi la kona. Inasema uwezo. Sasa huo uwezo mke atauheshimu vipi kama hajawahi kuonyeshwa?

Na kwa wale wanaosema "hela ni yangu, naficha ninavyotaka", kumbuka pia kwamba mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali za ndoa. Yule anayepika, anayefua na kulea anajenga hicho kiwanja na wewe, hata kama hujamwambia kipo.

Kwa upande wa kina dada nako kuna neno. Kutamani kitu kizuri si dhambi, nyumba nzuri kila mtu anaipenda. Kasheshe ni pale unapotaka kitu ili kimjibu mtu. Lile kochi halikununuliwa kwa ajili ya kukaliwa. Lilinunuliwa kumjibu wifi, kumfikia shosti, na kumkomoa mume, yote kwa mpigo. Kochi la laki nane na nusu haliwezi kubeba uzito huo. Ukitaka kujua kama unakitaka kitu kwa dhati, jiulize: ningekinunua kama ningekatazwa kumwonyesha mtu yeyote?

WALIPO SASA

Hakuna muujiza uliotokea. Ile 150,000 iliyokuwa iende Vikindu mwezi ule ilikwenda kukomboa begi la vifaa, maana bila begi hakuna chochote. Mzee wa kiwanja alifuatwa na wote wawili, mke akaongea mwenyewe, wakapewa miezi miwili ya kupumua. Mwenye nyumba alikubali kodi ya miezi mitatu badala ya sita, 300,000 ambazo kaka wa jamaa aliwakopesha bila riba. Kochi, TV na friji havikurudi.

Friji ndiyo iliyouma zaidi, na hadi leo dada akipita mahali akasikia friji inaunguruma hukaa kimya kidogo. Jamaa ameahidi kufufua nyingine. Bado hajaipata.

Joto liliporudi na kazi zikarudi. Mwezi wa tatu walimaliza kulipa kiwanja, na kwenye karatasi ya mauziano, mbele ya viongozi na mashahidi, yakaandikwa majina mawili. Kila Jumapili usiku mtoto akilala, wanakaa mkekani, kila mmoja anataja alichopata na kilikokwenda. Kuna Jumapili wanagombana. Kuna siku jamaa anachungulia simu ya mkewe kuona kama kuna meseji ya deni, na mke anaona, na anauma meno. Imani ikivunjika haiungwi kama bomba la friji, kwamba ukichomelea tu inashika.

Lakini wifi alipokuja tena kusalimia na kuona ile sebule tupu, akafungua mdomo kutaka kusema, jamaa alimuwahi. Akasema, "Dada, karibu mkekani. Hapa ndipo tunapokaa mimi na mke wangu."

Hakucheka. Mkewe alikuwa jikoni, alisikia.

Haya wadau, wewe unajua mwenzako anaingiza ngapi kwa mwezi? Na kama hujui, ni kwa sababu hujaambiwa, au kwa sababu hujawahi kuuliza?